Dada Manivone na Kanuni ya Mlango Uliofungwa

Tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya utumishi, Bi Manivone Keoprasith atarudisha funguo za ofisi yake katika kituo chetu cha Savannakhet na kustaafu rasmi. Aliajiriwa kama mkalimani wa muda, kwa mkataba wa miezi mitatu. Anaondoka akiwa katibu wa kamati ya maadili ya Mtandao wa Utafiti wa Homa, vituo saba katika nchi tano, na sisi wengine bado tunaona kama miezi mitatu ile haijaisha.

Mimi ni Khamsing, dereva. Wakubwa waliponitaka niandike wasifu huu nilidhani wananitania. Wakasema vyeo vyake vimo kwenye faili, lakini njia zake anazijua Khamsing, na kwa kuwa nimemwendesha miaka kumi na tisa sikuwa na la kujitetea. Niseme mapema kwamba siandiki kwa furaha. Tangu aanze likizo yake ya mwisho mwezi Mei, ndoano aliyokuwa akitundikia kikapu chake cha wali wa kunata iko tupu, na gari likipita kwenye makorongo naisikia ikigonga nyuma ya kiti changu. Ningeweza kuing'oa kwa bisibisi. Sijaing'oa.

Wanaomjua kwa picha za mikutano tu watakuwa wamemwona akisimama pembeni, amevaa sketi ya hariri, mkoba kwapani, mpole kama mgeni wa harusi. Picha zinadanganya. Dada Manivone ni mtani, pilipili zake hazina huruma, na redio ya gari langu hakuwahi kuiheshimu. Alikuwa akiizima na kuimba mwenyewe, na alipoimba, hata mimi nisiyependa taarifa ya habari niliitamani.

Kazi iliyompa jina ilianza na kosa, na mwenyewe hupenda lisimuliwe. Mwaka 1996 timu yetu ilikwenda kijiji cha Ban Nonsaat kuchukua damu kwa utafiti wa homa. Watu mia mbili na kumi na wanne waliombwa, na wote mia mbili na kumi na wanne wakakubali. Mkuu wa kituo wa wakati huo alifurahi kupita kiasi, akasema watu wa hapa ni waungwana mno. Manivone, aliyekuwa ametafsiri kila swali na kila jibu, alipewa cheti.

Miongoni mwa waliokubali alikuwamo mama mmoja aitwaye Onchan. Alinyoosha mkono wake, kisha akaunyoosha na mkono wa mwanawe wa miaka saba, aliyekuwa mnyonge tangu masika. Wiki mbili baadaye mtoto yule alifariki. Daktari yeyote atakwambia si matone yale ya damu yaliyomuua, na Manivone alikwenda kumweleza mama hivyo hivyo. Alimkuta shambani, akapiga magoti kwenye tuta la mpunga, akaomba radhi. Mama Onchan alimsikiliza hadi mwisho.

"Hamna neno, mwanangu," alisema. "Siku ile sikutaka. Ila wewe ulikuwa binti mdogo, mabosi zako wamesimama pale wanakutazama. Ningesemaje hapana mbele ya watu? Nikaona haya." Kisha akamkaribisha chakula, akampa kipande kikubwa cha samaki wa kuchoma, na Manivone akala kwa kuwa naye aliona haya kukataa.

Alipokuwa njiani kurudi ndipo alipoelewa alichokifanya. Mara ya kwanza alichukua damu kwa haya ya yule mama. Mara ya pili alimfuata hadi shambani, asikokuwa na pa kukimbilia, akachukua msamaha kwa haya ile ile. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba asiyetaka jambo hatasema hapana usoni pako. Atakwenda shambani mapema, afunge mlango. Manivone alilijua hilo tangu utotoni, ila alilisahau siku alipopewa fomu yenye mstari wa sahihi.

Tangu hapo akawa na utaratibu wake. Siku ya kwanza tunafika, tunaeleza, tunakula, tunaondoka bila kuuliza jibu. Tunarudi baada ya siku tatu. Kabla ya kuingia kijijini natakiwa nisimamishe gari penye njia panda, nipige honi mara tatu ndefu, kisha tukae nusu saa tukitafuna wali. Mwanzoni nilidhani anaona uvivu.

"Dada, tunangoja nini?" nilimuuliza safari yangu ya kwanza.

"Tunawapa watu nafasi ya kutukimbia," alijibu, akaninyooshea pilipili.

Nyumba iliyofungwa ilihesabika kuwa imekataa. Ilikuwa marufuku kubisha hodi, kuuliza jirani au kuzunguka nyuma. Katika utafiti wa kwanza wa namna hiyo, milango thelathini na minane kati ya mia na sitini ilikuwa imefungwa. Mkuu wa kituo alishika kichwa. Manivone alipita kila meza akitangaza wale thelathini na wanane kama mtu aliyepata wajukuu.

Halafu ukaja mkutano wa 2009 mjini Can Tho, Vietnam, ambapo vituo saba vilitakiwa kutoka na kanuni za pamoja za maadili. Siku tatu walivutana. Wenzetu wa makao makuu walileta fomu ya ridhaa ya kurasa kumi na moja. Manivone alileta mlango wake. Daktari Teerapong wa kituo cha Chiang Rai, ambaye leo ni rafiki yake mkubwa, alimcheka waziwazi.

"Sasa dada yangu, kama mtu kaenda zake sokoni kuuza mboga?"

"Tutakuwa tumempoteza mmoja."

"Sampuli zitapungua."

"Zitapungua, ndiyo."

Mwenyekiti alisema haiwezekani nchi tano ziongozwe na mlango wa Savannakhet, na hakukosea. Manivone hakubisha. Aliwauliza tu, mmoja mmoja, mtu wa kwenu asiyetaka jambo huwa anafanyaje? Chumba kikachangamka. Wa Kambodia akasema kwao mama atakwambia ngoja nimuulize mume wangu, na mume ni marehemu. Wa Vietnam akasema kwao hukwambia wataona baadaye. Wa Myanmar akasema kwao mtu hutabasamu, akakuongezea chai. Walicheka mpaka wakafuta machozi, na katika kucheka kule kila mmoja alikuwa akikumbuka watu wa kwao aliowaandika kuwa wamekubali.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana Kanuni ya Nne, ambayo kila mfanyakazi mpya huisoma siku ya kwanza: kila kituo kitaandika jinsi watu wake wanavyokataa, na kukataa huko kutaheshimiwa sawa na neno hapana. Kwenye karatasi inaitwa hivyo. Kwetu inaitwa Kanuni ya Mlango.

Nina jambo la kukiri, na Dada ameniruhusu. Kila mwaka tulipita Ban Nonsaat, na kila mwaka, nikishapiga honi, mlango wa Mama Onchan tuliukuta umefungwa. Ilimuuma, na hakuficha. Alichotamani ni kumwona uso mara moja tu kabla ya kustaafu, akae kidogo kwenye ngazi yake, aulizwe hali. Basi Aprili hii, safari yetu ya mwisho, sikupiga honi. Nilipita njia panda moja kwa moja. Tukaiona nyumba, mlango u wazi, moshi unatoka jikoni, na mgongo wa bibi kizee ukiinama penye jiko.

Dada alitazama. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha gari.

"Hukupiga honi," alisema.

"Nilisahau, Dada."

"Hukusahau. Rudi."

Nilimsihi. Nilimwambia ni hatua thelathini tu, kwamba yule mama amezeeka, kwamba hatutapita tena. Alisema anajua kuhesabu, nirudishe gari. Nikarudi njia panda, nikapiga honi tatu ndefu, tukakaa nusu saa. Hatukula. Tulipofika tena mlango ulikuwa umefungwa, na moshi jikoni haujakata. Aliukabili mlango ule akiwa ameunganisha viganja kifuani, kama tunavyowaamkia wakubwa, akainamisha kichwa, akarudi garini. Tulikwenda hadi darajani. Kisha akafuta macho kwa ncha ya shela lake, akasema, "Amesikia," akaiwasha redio yangu.

Ijumaa tutakufunga nyuzi nyeupe mkononi, Dada Manivone, kwa desturi yetu ya kuagana, tukuombee nafsi yako ikae palipo na utulivu. Tunakushukuru kwa kutufundisha kungoja. Maisha ya huko uendako, kwenye bustani yako ya pilipili, yawe mepesi na yenye afya. Nasi tutakuja kukuona. Nitasimamisha gari kona ya mtaa wako, nitapiga honi tatu ndefu, nitangoja nusu saa, kama ulivyonifundisha. Tukikuta umefunga, nitageuza gari na sitauliza jirani.

Lakini sisi tumekuzoea, Dada. Ukisikia honi, tafadhali acha mlango wazi.

Khamsing, dereva, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo