Marehemu Aliyekuwa Namba Themanini na Nane

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyie wa ofisi ya elimu mliokuja basi zima, kaeni vizuri, maana nasoma polepole na sirudii, na miwani hii ni ya kuazima. Nimepewa kazi hii kwa kuwa mimi ni dada yake marehemu wa tumbo moja, na katika tumbo hilo nimebaki peke yangu. Kabla sijaanza, ile karatasi mliyogawiwa mlangoni, yenye picha yake na jina lililopigwa chapa kwa herufi kubwa, naomba muikunje muiweke mfukoni, kwa sababu picha ni yake lakini jina ni langu, na mimi kama mnavyoniona bado nasimama.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 19 Juni 1948, katika chumba cha pili cha nyumba ya safu iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, baba yetu akiwa mchoma matofali na mama akifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa pili, mimi nikiwa nimemtangulia tarehe 3 Machi 1946. Karatasi inasema yeye ndiye wa mwaka 1946, basi mjue kuwa hata siku ya kuzaliwa alivaa yangu, na keki zote alizokatiwa kazini kila Machi tatu zilikuwa zangu, ila kipande sikuletewa.

Kuhusu elimu, baba alitupeleka shuleni wote wawili siku moja, tarehe 10 Januari 1955, ili asikose kibarua siku mbili, na mwalimu mkuu akatuandika katika daftari la uandikishaji, mimi namba themanini na saba, marehemu namba themanini na nane, na mbele ya kila jina akatia herufi mbili, Ke kwa msichana na Me kwa mvulana, kwa kuwa majina ya kwetu huvaliwa na yeyote. Marehemu alikuwa mtoto mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza na kichwa kizito, na mtihani wa darasa la nne, Novemba 1958, alishindwa, mimi nikashinda. Barua ya kwenda shule ya kati ilifika wiki ya pili ya Desemba, ina jina na namba, haina Ke wala Me, na baba akaisoma mara mbili, akasema mbele ya chakula kwamba msichana ni mpita njia, mvulana ndiye nguzo, na jina ni nguo tu, mmoja akivua mwingine avae. Mama akamuuliza, "Baba watoto, mtihani kafanya nani?" akaambiwa aangalie chungu chake. Mwalimu mkuu naye akashika kalamu yenye wino mwingine, akaigeuza Ke ya themanini na saba kuwa Me, na kwenye themanini na nane akaandika neno moja, "ameacha." Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, mnayemzika leo aliacha shule akiwa na miaka kumi. Mimi niliambiwa nikifungua mdomo mdogo wangu atafungwa jela, nikaufunga.

Ya mwaka ule simlaumu, alikuwa mtoto, na asubuhi ya kuondoka alilia mpaka akatapika, kanishika gauni, anasema, "Dada, nenda wewe." Ya baadaye ndiyo nitakayoyasoma.

Alimaliza shule ya kati mwaka 1962, akasomea ukarani miaka miwili, na tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa ofisi ya elimu kuwa karani wa masjala, chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, chenye rafu kumi na sita za chuma na harufu ya karatasi iliyowahi kunyeshewa, ambamo alikaa miaka arobaini na mmoja mpaka wakamwita Bwana Jalada. Humo ndimo mlimowekwa kila kitu cha shule zetu, madaftari ya uandikishaji, vitabu vya mahudhurio, ripoti za wakaguzi, barua za uhamisho wa walimu, mpaka orodha ya madawati yaliyovunjika, na asiyejua kutafuta humo huingia na swali akatoka na vumbi. Marehemu alijua, na aliwafundisha wote waliofika, hilo simnyimi. Alikuwa akimwambia mtu, "Usiulize shule inaitwaje, uliza mwaka ule iliitwaje," kwa sababu shule hubadilishwa jina kila akija mkubwa mpya. Alimwambia ataje mwaka alioingia, siyo aliotoka, maana kuingia huandikwa na kutoka husahaulika. Alimwambia, "Jina usinipe, majina walimu huyaandika wanavyosikia, nipe namba, namba haibadiliki." Na mwisho alimwambia kwamba daftari moja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja huweza kudanganya, kwa hiyo tafuta la pili. Kwa njia hiyo mwalimu mstaafu ambaye jina lake liliandikwa kwa namna tatu alipatikana, wote watatu wakawa mtu mmoja, na mama mmoja aliyeambiwa hakuwahi kufundisha popote alionyeshwa sahihi yake kwenye kitabu cha mahudhurio cha miaka tisa. Wengi wenu mmekuja leo kwa sababu hiyo, na machozi yenu ni ya haki.

Sasa nisome langu. Mwaka 1971 hospitali kubwa ilitangaza nafasi za mafunzo ya ukunga, na sharti lilikuwa moja, uthibitisho wa kushinda darasa la nne, na mimi tangu utotoni nilikuwa natamani kazi hiyo, nilishamzalisha jirani kwa mikono mitupu na mama na mtoto wakapona. Jumatatu tarehe 8 Novemba nilikwenda masjala nimevaa viatu vya kuazima, nikasimama mbele ya meza ya mdogo wangu, wenzake wawili wakisikia, nikamtajia shule kama ilivyoitwa, mwaka wa kuingia na namba, kila kitu kama alivyokuwa akifundisha watu. Aliingia kwenye rafu, akakaa kitambo, akarudi mikono mitupu, hakuniangalia usoni, akasema, "Dada, daftari la mwaka huo limeliwa na mchwa." Nikamuuliza la pili, akasema na la pili. Mchwa hana mdomo wa kujitetea, ndiyo maana husingiziwa. Nafasi zikajaa, na Januari 1972 nikachukua kazi iliyobaki hospitalini hapo, kufagia wodi ya wazazi, nikaifagia miaka thelathini na minne.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na wifi yangu huyu, fundi cherehani, mwanamke mchapakazi ambaye hakujua ameolewa na jina la nani, na Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, mwaka 1975, mwalimu, wa pili binti, 1977, mkunga, wa tatu mwana, 1981, fundi umeme. Wote watatu jina langu ndilo lao la baba, kwa hiyo kwa karatasi mimi ni baba yao, mnisalimie kwa heshima. Na yule wa pili alipoanza kazi mwaka 2001, alipita mbele yangu wodini na beji kifuani, na jina langu likaingia chumba cha kujifungulia limevaa nguo nyeupe, mimi niko mlangoni na ndoo. Akaniambia, "Shikamoo Shangazi, pisha nipite." Nikampisha, yeye hakuwa na kosa.

Marehemu alistaafu tarehe 3 Machi 2006, siku niliyotimiza miaka sitini mimi, yeye akiwa na hamsini na saba, na ofisi ikampa saa ya ukutani na hotuba isemayo kwamba katika mikono yake hakikupotea hata kipande cha karatasi. Hotuba hiyo ilikuwa ya kweli kuliko walivyojua walioisoma.

Tarehe 6 Mei mwaka huu wa 2023 alipooza upande wa kulia, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja, juu kabisa ya wodi yangu ya zamani, na ulimi wake ukawa mzito, neno moja linamchukua dakika. Wifi alikaa naye asubuhi, mimi mchana. Tarehe 21 Agosti alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akasema, "Dada, vyoo." Nikamletea chombo. Kilirudi kikavu. Akasema tena, "Vyoo," nikakileta tena, kikarudi kikavu, na mara ya tatu nikamwambia, "Wewe mzee, amua moja," naye akalia. Mara ya nne ndipo akatoa na lile la pili, "Jalada," na kwa kidole akachora mwaka shukani, 1958.

Kesho yake nilikwenda masjala, nikamkuta mama aliyeirithi meza yake, akaniuliza natafuta nini, nikasema vyoo, akasema, "Viko nje, Bibi, kulia kwako." Nikamwambia ni vya shule, mwanangu, matengenezo ya mwaka 1958. Akacheka, akasema ana miaka kumi na saba humo na jalada hilo hakuna aliyewahi kuliuliza, akalitoa rafu ya chini kabisa, na ndani yake, katikati ya barua za mabati na saruji, yalikuwapo madaftari mawili yamefungwa kwa uzi wa katani, hayana hata alama ya jino. La kwanza lilikuwa la uandikishaji, lenye Me ya wino mwingine. La pili lilikuwa la ushonaji, lililoandikwa wasichana peke yao, na namba themanini na saba humo ilikuwa ya kwanza kwa pindo. Mwalimu mkuu alikumbuka daftari moja, akasahau la pili. Mdogo wangu alilikumbuka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, ya huyu ilikwenda miaka hamsini na miwili na ikapitia chooni.

Yule mama wa masjala aliyabeba mwenyewe mpaka kitandani, na marehemu, kwa mkono wa kushoto, alichukua robo saa nzima kuandika kwa penseli pembeni mwa daftari la uandikishaji, "87 ni dada yangu. 88 ni mimi. Mchwa hawakula kitu." Likapigwa muhuri, likarudishwa rafuni mahali pake. Kisha akaniomba msamaha, nikamwambia anywe uji kwanza unapoa, akaunywa wote. Hakuomba tena, na mimi sikurudi kwenye habari hiyo. Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano kwa mama yetu, na sabini na saba kwa serikali.

Jana mchana palikuwa na maneno juu ya kibao cha kaburi. Wifi alisema vyeti vyote vina jina lile, watu watauliza humu kalala nani, nikamwambia, "Wifi, ukiliandika hilo nitakuwa nimelala mimi, na shimo lenyewe mmelipima kwa urefu wake." Ni mwanangu mkunga aliyesimama, akaitazama beji yake kitambo, akamwambia fundi, "Futa. Andika alilopewa na bibi alipozaliwa." Rangi haijakauka, msikiguse. Jina la beji nimemwachia yeye na nduguze, wamelivaa mpaka likachukua umbo lao.

Familia inawashukuru madaktari waliosema ukweli mapema, wauguzi waliomgeuza kila baada ya saa mbili, wafagiaji wa ghorofa ile ambao huwa hawatajwi popote, majirani walioleta viti, na nyie wa ofisi ya elimu, ambao nawaomba mfungue na majalada ya vyoo.

Mdogo wangu, namba themanini na nane, ardhi ikupokee kwa jina lako. Pumzika. Na amani uitafute mwenyewe, kutafuta unajua.