Sinema Isiyozima Taa

Pale Nalufenya, mjini Jinja, mkabala na kibanda cha sinema cha Asuman, kuna benchi refu la mbao, na kila siku baada ya swala ya alasiri Juwairiya hutua hapo birika lake la kahawa ya tangawizi. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Afande Opio, askari jela mstaafu, kijiweni anaitwa Lokapu. Magidu fundi viatu anaitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Asuman mwenyewe ni Bosi, na huvuka barabara kuja kunywa huku jicho moja liko mlangoni kwake. Hatua chache kutoka hapo, nje ya ukuta wa mabati wa kibanda, husimama Madinah, binti wa Juwairiya, miaka kumi na tisa, sikio limegandana na bati. Vijei, yule msimulizi anayetafsiri filamu kwa kupasua koo, akicheka ndani, Madinah hucheka nje. Maneno hana mengi, lakini filamu zote anazijua kwa sauti. Picha haruhusiwi.

Aliingia mara moja tu, akiwa na miaka saba. Taa zilipozimwa na spika kunguruma, alipiga sauti yake ndefu, ya furaha au ya hofu, hata mamake hakujua, kwa maana hakupata nafasi ya kuisikiliza. Gizani watu walipiga kelele: “Mtoe! Mtoe nje!” Asuman akawashika mkono mpaka mlangoni, kwa upole wake wote. Katika kelele zile Juwairiya alitambua sauti mbili. Hajawahi kuwaambia wenyewe. Huwamiminia kahawa tu.

Alhamisi hiyo alikuja na simu mkononi. Rafiki yake Nangobi, anayeuza vitenge Mbale, alikuwa amemtumia picha ya tangazo.

— Afande, nisomee. Naogopa nimesoma vibaya.

Lokapu akavaa miwani.

— “Jumamosi, saa nane mchana, Mbale. Sinema ya utulivu. Taa hazitazimwa zote. Sauti itapunguzwa. Kusimama, kutembea, kutoa sauti, kutoka na kurudi, yote ruhusa. Karibuni wenye ulemavu, wenye usonji, wazee, na yeyote anayepata taabu katika sinema za kawaida.”

— Kutembea ndani ya sinema? Redio akaruka. Hiyo si sinema, hiyo ni soko!

— Iko na mhuri? Bosi akauliza.

— Mhuri hapana.

— Basi ni siasa, akasema Redio. Wanawasha taa waone sura zenu. Kesho jina lako liko kwa daftari yao.

— Siasa wapi? Lokapu akavua miwani. Mimi iko najua hii kitu. Miaka thelathini jela, taa nawaka usiku na mchana. Kwa nini? Ili mtu asitoroke. Hao iko nataka fungia watu.

— Afande, si wameandika kutoka ni ruhusa? Juwairiya akauliza.

— Ndiyo ujanja yenyewe! Mlango iko wazi, wewe nasema aa, hapa si jela. Nakaa. Kwisha wewe.

— Banange, jamani, sikilizeni mimi, akasema Bosi. Niko na kazi hii miaka ishirini. Giza ndiyo sinema. Ukiwasha taa, mtu anaona jirani yake amemwona akilia. Anapata aibu, harudi tena. Hao watu ama hawajui kazi, ama wanatafuta kitu kingine.

— Wanatafuta ubongo! Redio akadakia. Ni watu wa dawa. Wewe unatazama picha, wao wanapima kichwa.

— Wanapima na nini? Bosi akauliza.

— Na skrini! Hamjaelewa? Skrini ndiyo inatazama watu. Inawarekodi hapo mlipokaa, halafu huko Ulaya nyinyi ndio mnakuwa filamu!

Wote wakaangua kicheko, Juwairiya naye. Kicheko kilipokwisha akasema:

— Mimi nitampeleka.

Bosi akashusha sauti.

— Mama Madinah, na akipiga kelele?

— Si wamesema ruhusa?

Neno hilo alilitamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kujua chumvi imekolea.

Jumamosi wakaenda. Ukumbi ulikuwa karibu na soko, jengo la matofali, na mlima juu yake ulikuwa umejifunika mawingu. Ndani taa za manjano ziliwaka hafifu. Mbele, mwanamume kwenye kiti cha magurudumu alikuwa akijibizana na skrini. Wazee wawili waliulizana kwa sauti kubwa, “Amesema nini?” Kijana mmoja alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akatembea tena. Hakuna aliyesema nyamaza. Hata hivyo Juwairiya alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, mkono tayari kumshika binti yake watoke.

Madinah alitazama skrini mara moja, akafunika macho, akainuka akatoka.

Ndiyo hivyo, Juwairiya akawaza. Imekwisha.

Alimkuta nje, ameweka sikio ukutani. Matofali yalikuwa manene, hayakutoa kitu. Madinah akasogea hatua mbili, akaweka sikio tena, kisha akamgeukia mamake kwa uso wa mtu aliyeibiwa.

— Sauti iko ndani, mwanangu. Na picha pia.

Hakumvuta. Alisimama naye pale juani. Msichana wa mlangoni aliwaona, akaufungua mlango na kuuacha wazi. Dakika zikapita. Madinah akaingia peke yake.

Alisimama katikati ya njia. Kwenye skrini mwanamke mnene alikuwa akimkimbiza bata bukini uani, kanga inamvuka, bata anamgeuzia kibao na kumfukuza yeye. Madinah akatoa sauti yake ndefu. Juwairiya akaruka, msamaha umeshafika mdomoni, akitafuta nyuso za kuomba. Hazikuwapo. Yule mwanamume wa kiti cha magurudumu aliitikia tu kwa sauti yake mwenyewe, na watu wakaendelea kumcheka bata. Basi kwa mara ya kwanza Juwairiya aliisikiliza sauti ya binti yake mpaka mwisho. Ilikuwa furaha. Akakaa chini na kulia, taa zikiwaka, na hakuona aibu.

Jumatatu benchi lilikuwa limejaa mapema.

— Haya, waliwapima? Redio akaanza.

— Hawakupima.

— Waliandika majina?

— La.

— Skrini je?

— Redio, ilikuwa bata bukini na mwanamke mnene.

Akawasimulia yote. Walicheka kwenye bata, kisha Lokapu akauliza, macho kwenye kikombe chake:

— Na ile sauti yake, alipiga?

— Alipiga.

— Watu wakasema nini?

— Hakuna aliyesema kitu, Afande.

Lokapu akatikisa kichwa, akatikisa tena. Redio akasogeza kikombe chake kiongezwe kahawa.

— Wanarudi lini? Bosi akauliza.

— Hawajui. Labda mwaka kesho, labda hawarudi. Na huyu Madinah, tangu turudi, asubuhi zote mbili ameniletea viatu vyake vya safari. Ananiwekea miguuni, ananitazama. Nimwambie nini?

Hapo ndimi zikafunguka tena, kila mtu akitafuta namna ya kuileta sinema ile Jinja.

— Iko taka barua ya wizara, akasema Lokapu. Na askari wa kulinda.

— Na wataalamu kutoka Kampala, akasema Bosi. Ile mashine yao lazima ni ya namna yake.

— Na balbu! Redio akasema. Hizo balbu si za hapa. Zinatoka Japani, zinajua zenyewe kupunguza mwanga mtu akiogopa. Tuandikie Japani!

Topista, fundi cherehani aliyepanga chumba mtaani hapo wiki iliyopita, alikuwa amesimama na kikombe akingoja zamu yake.

— Samahani, mzee, akamwambia Asuman. Mimi mgeni hapa. Hicho kibanda chako, taa zake ni mbovu?

— Mbovu wapi? Ni nzima.

— Na sauti, haipungui?

— Inapungua.

— Sasa kwa nini msiache taa zikiwaka siku moja, na yule dada pale ukutani akaingia?

Asuman akageuka kutazama mlango wa kibanda chake. Redio akamtazama Lokapu, Lokapu akatazama viatu vyake. Juwairiya akainua birika, likawa jepesi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeondoka. Miaka kumi na miwili amemmiminia mtu huyu kila alasiri, na swali hilo halikumtoka mdomoni hata siku moja. Leo limeulizwa na mtu asiyejua lolote. Hakumsaidia Asuman kulijibu. Aliweka birika chini, akakaa kwenye benchi katikati yao, mahali ambapo huwa hakai, akamtazama usoni, akangoja.