Bunduki Katika Beseni ya Sambaza

Mgeni rasmi, mbele ya kukukaribisha, mi Evode, katibu wa koperative, ninakubali kosa. Ile ripoti ya ajali ya ndege ni mi niliiandika, na nilitia mzaha ndani. Wenzangu wamenituma nisome hii risala juu ya hiyo.

KARIBU
Karibu Gisenyi. Kiti yako ni ile yenye kitambaa.

HISTORIA
Mwezi wa tatu, asubuhi, tulikuwa tunaanika nyavu, ndege kidogo ikaanguka mu ziwa karibu yetu. Mitumbwi yetu tunaifungaka tatu pamoja na miti mirefu. Kuifungua inakamata muda. Tulikuwa tungali tunabishana kamba ya nani ikatwe. Koplo Bizumuremyi, askari mwenye kulinda pale pembeni, alivua viatu, akalaza bunduki katika beseni ya Mama Verediane, ile ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

"Mama, unichungie hii. Usiiuze."

"Mi nauzaka sambaza, mwanangu. Enda."

Alirudi mu maji mara ine. Alitoa watu sita. Sisi tulifika kubeba wale alikuwa amekwisha kutoa.

MAFANIKIO
Leo tunapokea cheti na jile makumi mbili, yale makoti ya kuelea mu maji. Cheti inasema "wavuvi mashujaa". Asante.

CHANGAMOTO
Katika ripoti niliandika: "Koplo aliacha kazi akaenda kuogelea, bunduki akaachia samaki." Siku ilikuwa nzito, nilitaka watu wacheke kidogo. Wakubwa wake mu jeshi walisoma ule mustari, wakamukamata kwa kosa ya kuacha kazi na bunduki. Sisi tulioona hatukuitwa, na yeye hatujamuona tena.

Kisha niliandikia wakubwa wake barua tatu za heshima, bila mzaha hata moja. Hakuna jibu. Inaonekana mzaha tu ndiyo inasomwaka.

Mama ya Koplo, Xavérine, ametoka Cyanzarwe kwa miguu. Iko pale nyuma kabisa, kwa sababu viti vya mbele ni vya waalikwa.

OMBI
Injini ya mutumbwi tulikuwa tumeiandika hapa. Tumeifuta. Tunaomba cheti urudi nayo, iandikwe jina ya Koplo. Na utuambie sasa, mama asikie: Bizumuremyi iko wapi?

Ninaacha nafasi hapa ya jibu.

Bon, ninaendelea kusoma.

Mungu akufikishe nyumbani kwako salama, mgeni rasmi, na mutoto wa Xavérine naye amufikishe kwao.

Ni sisi, Koperative Twizerane, wavuvi na wauza sambaza wa Gisenyi.