Kabla Hujavaa Viatu: Tunamkumbuka Dada Kabla

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama unanyoosha nguo, weka pasi pembeni, isije ikaunguza shati la watu halafu useme ni redio. Leo nataka tukae pamoja tumkumbuke mwanamke mmoja. Walimwita Dada Kabla. Ametutoka wiki iliyopita, Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Dada Kabla, miaka sitini na mmoja.

Nianze na kazi yake, maana najua mtauliza. Dada Kabla alifanya biashara ya ngono. Baadaye akawa mpokea simu katika nyumba ambamo wenzake watatu walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo. Nimelisema, limetoka. Mdogo wake wa kike aliniambia, "Kaka, ukimsema dada kwa kuzungukazunguka, atafufuka akusahihishe." Basi mimi sizunguki. Anayetaka kunitukana namba ya kituo anayo, ila leo hatupokei simu.

Sasa, wenye umri wangu mnazikumbuka simu za mezani? Ile nyeusi, nzito, waya wake umejisokota kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Ukiwa nayo nyumbani, mtaa mzima ni ndugu zako. Katika nyumba ile ya Dada Kabla na wenzake simu ilikaa kwenye korido, juu ya kimeza chenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha kigae. Korido ilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, na juu yake nyeupe. Kulikuwa na benchi fupi. Na ukutani, juu ya simu, kulikuwa na kalenda ya duka la matairi.

Hiyo kalenda ndiyo nataka muione. Kila mwanamke mle ndani alikuwa na penseli yake ya rangi. Mmoja buluu, mmoja zambarau, mmoja kijani. Hedhi ikianza, mtu anakuja kupaka rangi kwenye siku zake. Akiumwa, anapaka. Akitoka hospitali, anapaka. Simu ikilia, Dada Kabla anaitazama kwanza kalenda, ndipo anainua mkono wa simu.

Lakini hawakuanza hivyo, wasikilizaji wapendwa. Hapo mwanzo walikuwa wakidanganya. Mwanamke akiwa mwezini, mteja anaambiwa, "Amesafiri." Mteja mwingine haambiwi kitu kabisa. Anafika, anaingia chumbani, ndipo anajua. Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Mwingine anapiga kelele kwamba ameibiwa, mwingine anasema mimi sijali, wakati mwanamke anajali na tumbo linamkata.

Na huo uongo wa safari nao ulikuwa na vituko vyake. Siku moja Dada Kabla mwenyewe, enzi hizo bado anapokea wateja, alikuwa "amesafiri". Kinyozi mmoja aliyekuwa mteja wake akaambiwa hivyohivyo kwenye simu. Saa moja baadaye wakakutana uso kwa uso sokoni, yeye Dada Kabla ameinama anachagua vitunguu. Kinyozi akamtazama. Akamwambia kwa adabu zote, "Karibu tena nyumbani, dada. Huko vitunguu havipatikani?"

Mdogo wake anasema dada yake alirudi amekasirika, na amejikasirikia mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata nje ya soko. Akakaa kwenye lile benchi akawaambia wenzake, "Mkimwambia mtu ukweli chumbani, mlango umeshafungwa. Mkimwambia kwenye simu, bado yuko kwake, hajavaa hata viatu." Akaomba tangu siku hiyo simu iwe yake.

Ndiyo mwanzo wa lile jina. Akipokea simu, baada ya salamu, neno lake la kwanza ni moja: "Kabla hujavaa viatu, nisikilize." Halafu anasema. Fulani yuko kwenye siku zake, mpaka Alhamisi. Fulani ametoka kuumwa, mwili wake unapumzika. Ukitaka kuja kunywa chai na kuzungumza, karibu. Ukitaka kingine, subiri.

Wengine walikata simu. Wengine walitukana. Kijana mmoja aliambiwa mwenzako yuko mwezini, akauliza huko mwezini amefikia kwa nani. Na yupo fundi viatu aliyemjibu, "Dada, mimi nimevaa tangu asubuhi, ndiyo kazi yangu." Dada Kabla akacheka mpaka simu ikamponyoka. Lakini baada ya miezi michache, wanaume walianza kuuliza wenyewe. Anapiga mtu, hata jina hajataja, anauliza, "Kalenda inasemaje leo?" Enyi mnaosema wanaume hawafundishiki, mpo?

Sasa tusogee, maana habari yenyewe iko hapa.

Mwenye penseli ya kijani alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama iliyo chini ya jicho lake. Kidoti alipatikana na uvimbe tumboni. Akafanyiwa upasuaji. Daktari akaandika kwenye karatasi: wiki sita. Asibebe hata ndoo ya maji. Asilale na mwanamume. Wiki sita. Kidoti akarudi amejishika ukuta, akapaka kijani kwenye kalenda, mstari baada ya mstari, mpaka karatasi ya mwezi unaofuata.

Wiki ya tatu, simu ikalia. Alikuwa mkandarasi mmoja, mtu mwenye gari na sauti. Alimtaka Kidoti. Dada Kabla akamwambia kama anavyowaambia wote. Mkandarasi akasema, "Nitakwenda taratibu."

Dada Kabla akamjibu, "Kidonda hakijui taratibu. Subiri."

 Mkandarasi akasema neno ambalo Kidoti, aliyekuwa amekaa palepale kwenye benchi, aliliona likitua kwenye uso wa Dada Kabla. Alisema, "Mimi nashonesha suti zangu kwa baba yako. Anajua unafanya kazi wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo lazima niwaeleze. Baba yake Dada Kabla alikuwa fundi cherehani. Yuko hai hadi leo, mzee wa miaka themanini na saba. Yeye alijua binti yake yuko ofisini, anapokea simu. Uongo kamili haukuwa huo, simu alikuwa akipokea kweli. Na kila Jumapili Dada Kabla alikwenda dukani kwa baba yake. Baba anakata kitambaa, binti anashona vifungo. Wanabishana kuhusu mpira, kuhusu bei, kuhusu nani katika familia anakoroma. Akipita mteja, mzee anasema, "Huyu ndiye mkubwa wangu. Anaongea na wakubwa wa nchi." Mdogo wake anasema dada alikuwa akiishi wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo.

Hiyo Jumapili ndiyo mkandarasi aliyokuwa ameishika mkononi.

Mwenye nyumba aliitwa Bibi Funguo, na mpaka leo sijui kama alikuwa na jina jingine. Alisikia majibizano, akaja, akachukua simu, akamwambia mkandarasi aje saa tisa mchana. Kisha akaiondoa ile kalenda ukutani, akaikunja, akaiweka kwapani. Akasema nyumba yake si zahanati. Kidoti akaambiwa ajiandae.

Kidoti mwenyewe amenisimulia. Sasa ana miaka arobaini na saba, ana duka la dobi na sauti ya kuamuru. Lakini alipofika hapa alishusha sauti. Alisema, "Nilimwambia, dada, acha tu. Nitavumilia. Usimpoteze mzazi kwa ajili yangu mimi niliyekuja juzi. Akaniambia nyamaza, utachana nyuzi."

Saa nane Dada Kabla alitoka akasimama mlangoni, upande wa barabarani, ameshika karatasi ya hospitali. Ng'ambo kulikuwa na wauza mkaa na yule kinyozi. Jua kali. Saa tisa gari likaja. Mkandarasi akashuka.

Akamwambia, "Karibu. Kabla hujaingia, nisikilize. Kidoti ana mshono. Hii ni wiki ya tatu. Daktari amesema wiki sita, karatasi hii hapa."

Alisema kwa sauti ileile ya kwenye simu, na mtaa mzima ukasikia. Mwanamume akaona haya. Haya ikageuka hasira.

"Pisha."

"Sipishi."

"Naondoka hapa nakwenda kwa baba yako. Leo hii."

"Nenda," Dada Kabla akasema. "Baba anafunga saa kumi na moja."

Na alikwenda, wasikilizaji wapendwa. Yule mtu alikwenda kweli. Akasema yote, dukani, mbele ya wateja.

Jioni Bibi Funguo aliutupa nje mkoba wa Dada Kabla. Dada Kabla akamchukua Kidoti kwa teksi, polepole, wakaenda kwenye chumba kimoja cha mdogo wake. Kidoti akalazwa kitandani, dada wawili wakalala chini. Wiki tatu zilizobaki zilihesabiwa humo, kwenye kalenda nyingine, kwa wino wa kalamu. Na Jumapili ya kwanza, mdogo mtu alirudi kutoka kwa baba na ujumbe mmoja: "Mwambie asije."

Asije. Miaka ishirini na mitatu, wasikilizaji wapendwa. Miaka ishirini na mitatu baba na binti hawakuonana.

Dada Kabla hakurudi kwenye nyumba ile. Alipanga chumba nyuma ya saluni, akaweka simu yake. Wanawake wa kazi hiyo, wengi ambao hata hawakuwahi kukaa pamoja, wakampa namba zao na siku zao, naye akawasemea. Simu za mkononi zilipokuja, akawafundisha kuandika ujumbe. Ukweli kwanza, alisema, mapambo baadaye. Nenda leo kawaulize wanawake hao. Watakuonyesha ujumbe wanaoutuma kabla ya miadi, "leo siko vizuri", "bado napona", wala hawajui nani aliuanzisha.

Na mzee? Kila mwisho wa mwaka alishona gauni, akampa mdogo mtu, akasema, "Peleka." Peleka kwa nani, hasemi. Vipimo alivikisia kichwani. Mwaka fulani gauni likambana. Mwaka uliofuata likaja pana, na pindo limeachwa la kuongeza. Dada Kabla akamgeukia mdogo wake, "Umemwambia nimenenepa?" Mdogo mtu akaapa hakusema. Baadaye akakiri kwangu kwamba mzee alimuuliza, akaonyesha kwa mikono.

Lakini kuna jambo linaniuma, na nitalisema. Huyu mwanamke aliyewaambia wanaume wa mji mzima ukweli kabla hawajavaa viatu, hakuwahi kumwambia baba yake kwa nini. Hakutuma mtu amweleze kwamba siku ile alichagua kumlinda Kidoti. Kidoti aliomba aende yeye. Alikatazwa. "Atakuona wewe ndiye uliyemgharimu," Dada Kabla alimwambia. "Mwache anikasirikie mimi. Mimi ananijua." Mimi naona alikosea hapo. Nampenda, na naona alikosea.

Basi akaugua, akafa, Jumanne asubuhi. Mzee akaja kuzika. Alikuja kwa mkongojo, amevaa koti alilolishona mwenyewe, akakaa kwenye mkeka. Kidoti akamfuata. Akapiga magoti mbele yake.

"Baba, mimi ndiye sababu."

"Sababu ya nini, mwanangu?"

Akamweleza. Uvimbe, wiki sita, simu, mlango, gari. Yote, mbele ya ndugu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kidoti aliniambia, "Nilikuwa nimeshazishika kandambili zangu mkononi. Nilijua atanifukuza."

Mzee akainua uso. Akauliza, "Mshono ulishika?"

"Ulishika, baba."

"Haukuachia popote?"

"Haukuachia, baba. Nimezaa watoto wawili nao."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, wasikilizaji wapendwa, mzee wa miaka themanini na saba, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Poleni sana, mzee wetu. Pole, mdogo wa marehemu, uliyebeba magauni na maneno kwa miaka yote hiyo. Pole, Kidoti. Poleni nyote mliopoteza sauti ya kuwasemea. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi mlio majumbani, kabla sijaweka muziki. Yuko mtu hapo anatuma salamu kwa mwanawe kwa mkono wa mtu mwingine. Yuko mwingine anatuma nguo, anatuma hela, anatuma kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Unajijua. Sikuulizi nani alimkosea nani. Mzee aliniruhusu niwaambie neno moja kutoka kwake, na nililiandika kama alivyolisema: "Nilikuwa na vipimo vyake vyote. Sikuwa na sababu ya kutokwenda."

Nenda mwenyewe. Nenda leo.