Mkono Uliozika Wageni

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Bwana. Msikae wima hivyo kama mko mbele ya DC, kaeni vizuri. Mzee wa kanisa ameniambia, "Leo usituletee siasa, tuambie ulikotoka." Basi siasa nimeiacha nje pamoja na baiskeli.

Mnaniona nimevaa koti, nakwenda kuketi katika baraza la wilaya, sheria zinasomwa nami nainua mkono. Nataka kuwapa habari za mkono huu huu. Uangalieni. Una vidole vitatu.

Nilizaliwa hapa Ruiru, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Baba alifariki kabla sijamjua sura. Mama alichuma kahawa nikiwa mgongoni, na siku nyingi tulilala na maji ya moto tumboni. Nilipopata nguvu nikaenda shamba la mkonge upande wa Juja, nikawekwa kwenye mashine ya kukwangua majani. Mashine ile haina simile. Nilipotoka hospitali ya Thika, vidole viwili sina, na kazi yangu ina mtu mwingine.

Nikamsihi nyapara. Akasema, "Iko kazi moja tu, na hakuna anayeitaka. Utaiweza?"

Ilikuwa kuzika. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, na mtu akifa kule, ndugu zake hawana habari. Na sisi Wakikuyu mnatujua. Wazee wetu hawakugusa maiti. Aliyegusa alikuwa na thahu, unajisi wa kuogopwa, mpaka atakaswe. Hata sisi tuliobatizwa, ndugu zangu, nawaambia, maji yalifika kichwani, mikono ikabaki kavu.

Nilikubali kwa sababu ya njaa, si kwa upendo wowote. Nikapewa unga na mahali pa kulala, nikachimba.

Habari zikafika Ruiru kabla yangu. Nikinyoosha mkono kusalimia, mtu anakohoa, anainama kufunga kamba za viatu, na wengi wetu hata viatu hatukuwa navyo! Kuna jirani mmoja, simtaji jina, yumo humu ndani na ameshaanza kuangalia sakafu. Huyo aliniwekea chai chini, nje ya mlango wake. Nilipomaliza akakohoa, akasema, "Hicho kikombe, nenda nacho." Nikaenda nacho. Nililia njiani, mwanamume mzima. Vidole sikuvililia, nililia kikombe.

Siku moja akaja mama kutoka Ukambani, kwa miguu, na kiondo cha mbaazi za kumletea mwanawe. Mwanawe nilikuwa nimemzika kabla ya mvua. Nyapara akamwelekeza kwangu, mwenyewe akaenda zake.

Nikampeleka. Kila kaburi nilikuwa nimeliwekea jiwe, nalikumbuka ni la nani. Nikamwambia, "Mama, ni hapa. Nilimfunika na blanketi lake la mistari. Nilimlaza akiangalia kwenu, jua linakotokea."

Akainama, akaligusa lile jiwe. Halafu akauliza, "Ulimlaza kwa mikono yako?"

Nikaificha nyuma.

"Ilete," akasema.

Akaishika yote miwili, akatema mate kidogo viganjani, vile mzazi anavyombariki mtoto wake anayesafiri. Kisha akafungua kiondo. "Kula. Zilikuwa zake." Ngai, Mungu wangu! Nilikula zile mbaazi huku machozi yananitoka, na yeye ananipangusa na kanga.

Baada ya hapo sikuweza tena kuchimba kwa ajili ya unga tu. Nilianza kuwaendea watu kabla hawajafa. Tukatengeneza machela kwa magunia na miti miwili, mimi na wenzangu watatu wa kutoka mbali kama wale niliowazika, tukawa tunabeba wagonjwa mpaka Thika. Wenyeji hawakutaka tuwaguse.

Mpaka mvua kubwa ilipokata barabara. Jirani yangu wa kikombe akaja mlangoni kwangu, maji yanamtiririka. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto amekaa vibaya. Sikumwuliza kitu. Nilimwambia, "Shika machela kwa mbele." Tukateleza kwenye matope mpaka hospitali. Mama akapona, mtoto akapona. Tulirudi, na asante sikuisikia.

Ikaja siku ya kuchagua mjumbe wa baraza. Watu wa laini walikuwa wamenisihi nisimame. Bwana DC akaamuru kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka, mkono begani mwa aliye mbele, ili kuhesabu kusiwe na ujanja. Lo! Mkono begani! Watu wa laini walikuwa hawajaachiliwa kazini. Uwanjani ni wenyeji tu. Mwalimu mmoja alikuwa na mstari mrefu tayari. Nyuma yangu, upepo. Niliangalia mbele, nikasema moyoni, Bwana, nirudishe tu kwenye jembe langu.

Nikasikia mkono begani. Mzito. Sikugeuka. Nilimjua kwa kikohozi.

Baada yake wakaja wengine, na watu wa laini walipofika, mstari ulipita lango la uwanja.

Nawashukuru wenzangu wa machela. Namshukuru mama yangu, ambaye mkono wangu hakuukwepa hata siku moja, na yule mama wa Ukambani, popote alipo. Nanyi nawaambia hili tu: mtu unayeogopa kumgusa, mguse akiwa hai. Mimi niliguswa, ndiyo maana nimesimama hapa.

Sasa tukimaliza sala nitasimama pale mlangoni kuwasalimia. Atakayeinama kufunga viatu sitamlaumu, nimezoea. Lakini wewe jirani yangu, tafadhali, toka wa kwanza. Ukifika kwangu nitakupa kikombe chako. Nimekileta, kimo mfukoni mwa koti, na chai tutakunywa kwako.