Herufi za Wubalem

Wasikilizaji wapendwa, kama kahawa iko motoni, ipunguzieni moto kidogo. Leo tunamkumbuka Wubalem Gebeyehu. Hamkuwahi kuiona sura yake. Lakini kama mna televisheni hapa Addis, kazi yake mmeiona kila jioni.

Wubalem aliendesha ile programu ya kompyuta inayopanga maandishi kwenye skrini: matokeo ya mbio, hali ya hewa, bei ya teff, nafaka ya injera yetu, sokoni, jina la anayezungumza. Vyote vile vilipita mikononi mwake. Mtangazaji alionekana, Wubalem hakuonekana.

Alizaliwa mtaa wa Gulele. Baba yake, Gebeyehu, alifariki Wubalem akiwa bado mdogo. Mama yake, Emama Askale, alimlea kwa kuoka mikate ya injera na kuiuza. Emama Askale hajui kusoma. Ila siku moja Wubalem alipokuwa msichana alitandaza unga wa teff kwenye sinia, akaandika kwa kidole.

"Hilo ni nini?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mbona umekonda hivyo?"

Wakacheka. Lakini mama alizitazama zile herufi mpaka akazishika. Hadi leo anajua kusoma neno moja tu, wasikilizaji wapendwa, na neno hilo ni Wubalem.

Programu ile ilinunuliwa kutoka nje. Huko nje, jina kubwa ni lile la mwisho. Kwetu jina la mtu ni la kwanza, na la pili ni la baba linalolifuata. Programu haikujua hayo. Basi msichana Zinash Molla aliposhinda mbio, skrini nzima ikaandika MOLLA. Mitaani watu walikufa kwa kicheko. "Mmesikia? Mzee Molla kashinda mbio za wasichana! Na lile goti lake!"

Zinash hakucheka. Alikuja studio, akasimama mlangoni na medali yake. Wubalem alimkalisha, akamnyooshea tonge la injera, akamlisha kwa mkono wake kama tunavyofanya kwa mtu tunayempenda. Kisha akarudi kwenye kompyuta. Alihangaika na programu ile majuma mengi, mpaka ikakubali kuandika majina yetu kwa desturi yetu. Tangu siku hiyo kila msichana aliyeshinda aliandikwa jina lake mwenyewe.

Jina la Wubalem lenyewe, wasikilizaji wapendwa, halikuwahi kuandikwa.

Kila Mwaka Mpya kituo huonyesha kipindi kirefu, na mwishoni hupita majina ya waliokifanya. Kila Mwaka Mpya Emama Askale alikaa mbele ya televisheni akizitafuta herufi zake. Na Wubalem ndiye aliyepanga majina yale. Nafasi haikutosha kamwe. Mwaka mmoja alijitoa ili aingie dereva. Mwaka mwingine aliingia mama anayefagia studio. Mwaka mwingine mlinzi wa geti, kwa kuwa watoto wake walikuwa wakitazama.

"Mwakani, mama," alisema.

"Mwakani, mwakani! Huyo mwakani wako anakuja kwa punda?"

"Anakuja, mama. Punda amesimama anakunywa maji."

Gashe Tafesse, yaani Mzee Tafesse, mkuu wake wa kazi, ameniambia hivi: "Nilijua anajitoa. Kila mara nilisema nitaliingiza jina lake mimi mwenyewe. Kila mara nikashikwa na jambo jingine." Aliposema hayo hakuweza kuumaliza mkate uliokuwa mbele yake.

Wubalem aliugua baada ya mvua kubwa. Alipokuwa hospitali, kituo kiliweka toleo jipya la programu. Lilikuja na mambo mengi mapya, ila marekebisho ya Wubalem hayakuingia humo. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Wubalem akafariki.

Jioni ile majirani walikuwa wamekwisha kusimamisha hema la msiba. Tafesse alipiga simu. Alisema picha ya Wubalem itatoka kwenye habari, na jina lake. Wakaleta televisheni hemani. Emama Askale akasogezewa kigoda mbele kabisa.

Picha ikatoka. Chini yake, kwa herufi kubwa nyeupe: GEBEYEHU.

Emama Askale aliinama. Akaweka kidole kwenye kioo, akaisukuma ile herufi ya kwanza kana kwamba nyuma yake kuna nyingine.

"Etagegn," akamwita jirani yake, "njoo unisomee. Hizi si zake."

Etagegn akasoma kimoyomoyo.

"Ni za baba yake, Emama."

"Gebeyehu alikuwa mtu mwema," akasema mama taratibu. "Lakini yeye tulishamzika. Huyu wa leo ni wangu."

Picha ikaondoka.

Tafesse alifika asubuhi, macho mekundu. "Emama, tumekosa. Leo jioni tutarudia."

"Keti ule kwanza." Akamkatia injera. "Hiyo jioni mngeweka nini hapo?"

"Matokeo ya mbio za wasichana."

"Basi waacheni wasichana mahali pao. Majina yao mtayaandikaje?"

Tafesse akalishika tonge, asilipeleke kinywani. Akainuka, akaenda kazini. Jioni ile majina yaliandikwa kwa mkono, moja moja, na kila msichana alikuwa na lake.

Kwako Emama Askale, na kwa majirani wa Gulele, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tumfikirie yule ambaye kila mwaka tunamwambia mwakani. Tumtaje leo, angali anasikia.

Nilipokwenda hemani, Emama Askale alinishika mkono. Akasema, "Redio yako haina skrini. Hakuna wa kukosea. Nitajie mwanangu."

Emama, najua umeiweka redio karibu na sikio. Sikiliza.

Wubalem.

Wubalem, binti wa Askale.