Mto Uliothibitishwa Benchini

Kijiwe chetu kiko Bariadi mjini, kwenye kibaraza cha ghala la ushirika ambalo halipokei pamba tena. Tangu soko huria liingie na wanunuzi binafsi waje na mizani zao, ghala limebaki na popo ndani na sisi nje. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali. Mwisho wa ubao ndipo ninapotengenezea baiskeli, ndiyo maana wananiita Spoki. Maganga ndiye mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Jilala, aliyekuwa karani wa pamba mpaka ushirika ulipopunguza watu, tunamwita Ramani, kwa kuwa hawezi kukuelekeza hata chooni bila kuchora chini kwa fimbo. Bujiku, ambaye redio yake ndogo haimtoki mkononi, ni Redio. Habari zote hupitia kwake na hutoka zimenenepa. Marcelo ni Kompyuta. Alifanya kozi Mwanza, akarudi na cheti, ila kompyuta yenyewe hajaigusa tena. Nawapenda watu hawa, na siku ninayoisimulia niliona aibu kwa ajili yao na kwa ajili yangu.

Habari iliyokuwepo ilikuwa daraja. Barabara ya kwenda Mwashimba, kijiji cha ng'ambo ya mto, ilikuwa imepata daraja jipya la zege, na wakati linajengwa tulilisifu hapa mpaka kahawa ikapoa. Kisha mvua za mwisho zikaja kubwa. Maji hayakupita chini ya daraja. Yalipita pembeni, kwenye mkondo wa zamani wa mchanga, yakalikata tuta la barabara na kuacha shimo ambalo lori haliwezi kushuka wala kupanda. Daraja lenyewe lilibaki zima, safi, na chini yake mbuzi wanalala.

– Hiyo ni setilaiti, alianza Bujiku. Ramani siku hizi inapigwa kutoka juu. Na setilaiti haikai juu ya Bariadi, inakaa juu ya Ulaya. Inatutazama kwa upande. Kitu ukikitazama kwa upande, lazima ukikose.

– Redio, usiongee mambo ya kitaalamu, alisema Marcelo. Kwenye kompyuta mle kuna vitu viwili. Cha kwanza ni daraja lenyewe. Siyo picha, ni daraja zima. Unagusa nguzo, inakuambia nondo zake ngapi na saruji yake kiasi gani. Cha pili ni nchi, yaani mito, barabara, mashamba, kila kitu mahali pake. Mtaalamu kazi yake ni kulikalisha daraja juu ya nchi. Vikikaana vizuri, unajenga ukiwa umeshaona mwisho wake.

– Sasa mbona havikukaana? aliuliza Bujiku.

– Kirusi. Kiliingia kikasogeza mto.

Niliacha kujaza upepo, nikamuuliza kama kirusi kinaweza kusogeza mto.

– Mle ndani kinaweza. Huu wa nje ndio haukupewa taarifa.

Tukacheka. Bujiku hakutaka kushindwa, akasema amesikia kwa mtu wa uhakika kwamba mchoro wa daraja ulikuwa wa nchi nyingine, nchi ambayo mito yake imejengewa kingo na inakaa inapoambiwa. Marcelo akasema hilo nalo linawezekana, maana kompyuta haijui Kisukuma. Hapo Bujiku akaongeza kwamba yupo mwekezaji alitaka pale chini pawe pakavu kwa makusudi, afungue hoteli, kivuli kipo tayari.

Jilala alikuwa anachora. Alivuta mstari wa mto, akaukata kwa mstari wa barabara, halafu akavuta mstari mwingine mwembamba pembeni.

– Mnahangaika bure, alisema. Mto umehama wenyewe. Ushirika si umekwisha? Bei huria, nauli huria, kila mtu anauza anakotaka. Na mto nao umeingia soko huria, unapita unapotaka.

Hiyo ilituua. Mimi nilicheka mpaka nikaangusha pampu, na nadhani hata watu wa dukani ng'ambo ya barabara walitusikia. Maganga alikuwa anazunguka na birika. Alipofika kwa Bujiku, akamimina na kusema, kama mtu anayeuliza hali ya mvua:

– Lakini yule kijana wa ramani si alikaa hapo hapo alipokaa Redio?

Fimbo ya Jilala ikasimama. Nikauliza kijana gani. Mimi sikuwa nimesikia habari ya kijana wa ramani; mwaka juzi kiangazi nilikuwa Shishiyu, nimekwenda kumzika mjomba na nikakaa kule kwa matanga. Maganga ndiye aliyenijibu, kwa moyo mweupe, bila kujua anamgusa nani.

Alisema kijana aliitwa Anatoli, wa kampuni ya washauri wa barabara, mwenye adabu sana. Aliteremka kwenye gari akawaamkia wazee mmoja mmoja, akafungua kompyuta yake hapa hapa kwenye ubao. Akawaonyesha nchi ilivyoonekana kutoka juu wakati wa kiangazi. Kulikuwa na mistari miwili ya mchanga, mto na ule mkondo wa pembeni, na kwa macho ya juu ilifanana. Daraja lake lilikuwa tayari, alisema, linasubiri kukalishwa. Ila alitaka kujua masika maji yanapita wapi, kwenye mstari mmoja au yote miwili, kwa sababu kama ni yote miwili mchoro ungebadilika. Akaomba wazee wawili waingie garini waende naye wakamwonyeshe, na wakifika wawaite na watu wa kule.

– Mkaenda? nikauliza.

– Jua lilikuwa kali, alisema Jilala.

Basi hawakwenda. Walimwambia kijana akae, anywe kahawa, watamweleza kila kitu palepale. Jilala akachora chini. Mkondo wa pembeni akaukata kwa fimbo, akasema huo ulikufa, haujai maji, yeye amekwenda Mwashimba miaka yote ya ushirika na hajawahi kulowa mguu pale. Bujiku akaunga mkono. Marcelo akamwelekeza kijana abonyeze wapi. Anatoli akawashukuru na kufanya kama alivyoambiwa.

Na Jilala hakusema uongo. Hilo ndilo lililonichoma. Karani wa pamba huenda vijijini msimu wa kununua, na pamba hununuliwa kiangazi. Alikuwa ameuvuka ule mkondo mara nyingi kuliko sisi sote, na kila alipouvuka ulikuwa mchanga mtupu. Masika hakuwahi kuwa na shughuli kule.

– Mimi nilisema inawezekana, alisema Marcelo. Sikusema ni hivyo.

– Mimi nilikuwa natafuta stesheni, alisema Bujiku. Nadhani niliitikia tu.

Nilianza kuona aibu hapo, aibu ya mtu aliyecheka mzaha kabla hajajua unamhusu nani.

Tukiwa hivyo, akaja mama mmoja anasukuma baiskeli. Nyuma amefunga gunia moja la pamba, na gurudumu la nyuma limepinda mpaka linagusa fremu. Sketi yake ilikuwa na matope yaliyokauka hadi magotini. Alipotufikia alipiga goti kidogo, kama mabinti waliofundwa vizuri wanavyowaamkia wazee kwa Kisukuma.

– Mwadila, banamhala.

– Mwadila, mayu, tukamwitikia mama.

Akasema anaitwa Klementina, anatoka Mwashimba, ameelekezwa kwangu. Nikafungua gunia, nikalishusha, nikageuza baiskeli. Spoki tano zilikuwa zimekatika. Bujiku akasimama ampishe, naye akakaa pale pale, mwisho wa ubao, na Maganga akampa kikombe. Jilala akasogeza mguu wake taratibu, akaanza kufuta mistari kwa katambuga yake ya tairi. Hakuwahi kumaliza.

– Mnachora mto wetu? mama aliuliza.

– Hapana, mayu. Mchezo tu.

Akanywa. Nilimuuliza ilikuwaje, nikijua ilikuwaje. Akasema ameshuka kwenye shimo la tuta na baiskeli, gunia kichwani, halafu akarudi kuibeba baiskeli, na katika kupanda ndipo ilipoanguka. Wanunuzi walikuja siku mizani zilipofunguliwa. Lori likafika shimoni, dereva akashuka akatazama, akapanda akageuza. Wamesema watanunua Maswa kwenye njia nzuri. Zamani ushirika ungekuja tu, alisema, hata kwa kuchelewa, hata kwa kutukopa, kwa sababu tulikuwa wanachama. Hawa hawamjui mtu.

– Na pamba iko wapi? Jilala aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

– Ndani, baba. Vyumba vyote viwili mpaka kwenye kenchi za paa. Sisi na watoto tumehamia jikoni. Mume wangu alifariki mwaka jana, na hii ndiyo pamba yangu ya kwanza peke yangu. Usiku nauzima moto, namwagia maji, na bado naamka kuutazama. Cheche moja tu, na nimekwisha.

Kisha akasema kwamba ameamua kuitoa kwa baiskeli, gunia moja moja, mpaka mvua nyingine zije. Alilisema bila kulalamika, na nikaliangalia lile gunia moja chini, nikawaza vyumba viwili.

Marcelo akajaribu kusaidia. Akamwambia makosa haya ni ya kompyuta, yanatokea hata kwa wakubwa. Mama akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

– Sijui kompyuta, alisema. Yule kijana aliyepima daraja alikuja kwetu, akatuitishia mkutano. Akatuonyesha daraja linavyong'aa. Mzee wa kwetu alitaka kusimama aseme habari ya ule mkondo, maana masika unabeba hata ng'ombe. Kijana akasema asiwe na wasiwasi, wazee wa mjini wamethibitisha umekufa. Basi yule mzee akakaa. Banamhala wenzake wameshasema, yeye asimame kuwapinga wasipokuwepo? Ingekuwa kuwavunjia heshima. Sote tukanyamaza.

Nilikuwa nakaza spoki, nikakaza moja mpaka ikataka kukatika.

– Nyie mnakaa hapa mjini, aliendelea, mnawajua watu. Hao wazee waliothibitisha ni akina nani?

Aliuliza kama mtu anayeuliza ofisi ya kata iko wapi. Hakukuwa na kisirani katika sauti yake. Alimtazama Jilala kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, na Jilala akatazama fimbo yake. Akamtazama Bujiku. Bujiku, ambaye tangu nimjue hajawahi kuulizwa habari akakosa, alikuwa anageuza kitufe cha redio iliyozimwa. Marcelo alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Halafu akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyeweza kumjibu, maana sikuwepo, sikuthibitisha kitu, mikono yangu ilikuwa safi. Majina nilikuwa nayo yote matatu. Ningeyataja, pengine wangekwenda naye siku hiyo hiyo, wakasimama kwenye shimo mbele ya watu wa Mwashimba na kusema ni sisi, na yule mzee aliyekalishwa angepata kusema lake kabla tuta halijarudishwa palepale. Nikainamia gurudumu.

– Hatuwajui, mayu, nikasema.

Sijui kwa nini nilisema "hatu-".

– Sawa, alisema. Sina ugomvi nao. Nilitaka tu mmoja aje apaone, ili siku wakiulizwa tena wawe wamepaona.

Nikamfungia gunia lake. Nilikataa malipo, akashangaa, akanishukuru sana, na shukrani zile zilikuwa nzito kwangu kuliko kama angenitukana. Akatuaga wote, akapiga goti tena mbele ya Jilala, akaondoka akisukuma kuelekea kwenye mizani.

Tukabaki na mistari iliyofutwa nusu. Mstari wa mto ulikuwa umekwenda, ila ule mwembamba wa pembeni ulionekana vizuri. Jilala akanyoosha kikombe chake bila kuinua uso.

– Kahawa imekwisha, alisema Maganga.

Akaanza kukusanya vikombe, na cha Jilala akakichukua mkononi mwake. Kisha akalinyanyua birika kwa mkono wa kulia, akabadilisha kwa wa kushoto, kwa sababu lilikuwa bado limejaa.